Gmail, Outlook au Thunderbird: folda na kontakti zako uzipange wapi?

Kila wiki hapa steshenari kwetu Mwanjelwa, Mbeya, lazima atokee mtu wa swali hili, kaka hebu nipangie imeili yangu, inboksi imefika elfu nne na nikitafuta invoisi ya mwezi jana naburuza kidole mpaka kinauma. Kwenye kontakti ndo usiseme, mteja huyohuyo kasevu mara tatu, moja imeandikwa "Mama Parachichi", nyingine "Mama Parachichi mpya", ya tatu ni imeili tupu haina hata jina. Anachotaka nimtajie programu nzuri, nimpangie, aondoke zake. Mi huwa namuuliza kwanza, we imeili unafungulia wapi, na anayeifungua ni wewe peke yako au na shemeji na karani wa ofisini? Akinijibu hayo, nusu ya kazi imeisha.

Nalinganisha tatu tu maana ndo hizi nakutana nazo huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Iringa: Gmail ya kwenye brauza na apu yake ya simu, Outlook ya Microsoft, na Thunderbird ya Mozilla. Kwenye Outlook tuelewane mapema, zipo mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ipo ile ya zamani inayokuja na Office ya kulipia, na ipo hii mpya ya bure kwenye Windows iliyochukua nafasi ya kile kiprogramu kidogo cha Mail, Microsoft walikiacha mwisho wa 2024. Jina moja, ila ndani ni vitu viwili. Thunderbird nayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, mwaka uleule Gmail ilipoanza, ni ya bure mwanzo mwisho, na tangu Oktoba 2024 ipo hata kwenye simu za Android.

Halafu kuna hili la kuchanganya anwani na programu. Ukiwa na anwani ya Gmail unaweza kuifungulia kwenye Thunderbird au kwenye Outlook na anwani yako ikabaki ileile, hakuna mteja wa kumpigia simu kumwambia umehama. Kuna mzee mmoja alikataa kabisa nisimguse laptopu yake akijua nataka kumbadilishia anwani aliyoichapisha kwenye bango la duka. Ikabidi nimuonyeshe kwanza kwenye yangu.

Nitavipima kwa nini

Vitu vitano. Kwanza imeili moja inaweza kukaa sehemu ngapi kwa wakati mmoja, hili ndo kubwa kuliko yote na ndo watu hawaliulizi. Pili imeili zinajipanga zenyewe au ni mkono wako kila asubuhi. Tatu kontakti, yaani makundi, majina yanayojirudia, na simu ikipotea inakuwaje. Nne bando na umeme, maana tunajuana. Tano ukitaka kuhama unaondoka na vitu vyako au unaviacha. Bei sijaiweka peke yake kwa sababu mtu wa kawaida zote tatu anazipata bure, inayolipiwa ni Outlook ya zamani tu.

Imeili moja ikae wapi

Nikupe mfano wa kweli wa huku. Dada mmoja anauza parachichi kutoka Rungwe, mnunuzi wake wa nje anamtumia imeili moja, ndani kuna invoisi, kuna maswali kuhusu cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na TPHPA, na yote inahusu kontena moja la msimu huu. Sasa hiyo imeili ni ya folda ya mnunuzi, ya vyeti, ya malipo, au ya kontena? Kaa nayo hapo.

Gmail wamelikwepa hilo swali, hawana folda. Wana lebo, na lebo ichukulie kama stika, imeili ni moja imekaa palepale ila unaweza kuibandika stika nne: mnunuzi, vyeti, malipo, msimu. Ukibonyeza lebo yoyote kati ya hizo unaikuta. Hata inboksi yenyewe ni lebo tu, kwahiyo ukiakaivu imeili hujaifuta, umeibandua stika ya inboksi, yenyewe bado ipo kwenye imeili zote na ukisachi inakuja. Watu wengi wanaogopa kile kitufe cha akaivu bure kabisa.

Ila stika zina mtego na mimi ulinishika. Zamani nilikuwa karani kwenye ofisi moja, nimeweka lebo mpaka basi, siku moja nikaona lebo moja ya mambo ya kale imejaa nikasema hizi ni nakala tu, zenyewe zipo kwenye lebo za wateja, nikachagua zote nikafuta. Aisee. Hazikuwa nakala. Imeili ni ileile moja, ukiifuta kwenye lebo moja imefutika kwenye zote. Inakaa kwenye takataka siku 30 halafu kwaheri, na mimi nilikuja kushtuka mwezi wa pili mkaguzi alipoulizia mkataba. Kama lengo ni kuitoa kwenye lebo basi ondoa lebo, usibonyeze pipa la takataka.

Outlook ni folda kweli, imeili moja folda moja, kama boksi faili kabatini. Mtu aliyekulia masijala, anayejua faili linafunguliwa, linapewa namba, na barua inapigiwa folio, Outlook anaielewa siku ya kwanza na hataki kusikia habari za stika. Lile swali la kontena wao wanalijibu kwa rangi, unaiweka imeili kwenye folda ya mnunuzi halafu unaipa kategoria, nyekundu malipo, kijani vyeti, na imeili moja inabeba kategoria zaidi ya moja. Outlook ya zamani ina kitu kizuri zaidi, folda za kusachi, unaiambia nionyeshe zote zenye nyekundu popote zilipo na inakuwekea folda yake pembeni bila kuhamisha chochote. Ukifuta ndani ya hiyo folda lakini umefuta kweli, mtego uleule wa kwangu umevaa nguo nyingine.

Thunderbird imekaa katikati. Folda ipo, na tagi zipo, tano zinakuja tayari, na raha yake unabonyeza namba 1 mpaka 5 kwenye kibodi imeili inabadilika rangi papo hapo, hakuna kutafuta menyu, mtu mwenye imeili mia kwa siku atanielewa. Kusachi nako unakusevu kunakuwa folda. Cha ziada, ambapo wenzake wanaisindikiza tu, ukiwa na anwani tatu za kampuni tofauti inakuunganishia inboksi zote kwenye moja huku kila anwani ikibaki na folda zake. Mawakala wa forodha pale Tunduma wanaobeba mizigo ya wateja wengi, nimewafungia wengine hii na hawajarudi kulalamika, sijui wamefurahi au wameenda kwa fundi mwingine.

Ila ukiifungulia Gmail ndani ya Thunderbird jua kwamba zile lebo zinageuka folda, na imeili yenye stika tatu utaiona mara tatu, na mara nyingine tena kwenye folda ya imeili zote. Usianze kufuta zinazojirudia! Nenda kwenye seting za Gmail upande wa lebo, utoe tiki ya kuionyesha ile folda ya imeili zote kwenye IMAP (njia ambayo programu kama Thunderbird inasomea imeili zako), inapungua kelele na bando pia linapona.

Mimi kwa kuona kwangu, yeyote utakayoichagua, folda au lebo za juu zisizidi kumi. Nimeona mtu ana sitini, kila mteja na yake, halafu anasachi vilevile. Na zipe namba mbele, 01 Wateja, 02 Malipo, 03 Serikali (humo TRA, BRELA, halmashauri), maana zote zinapanga kwa alfabeti na bila namba utakuta "Albamu za harusi" imekaa juu ya "Wateja". Tarehe nayo anza na mwaka, 2025-03, ndo zinajipanga zenyewe.

Zijipange zenyewe

Gmail unatengeneza filta: ikitoka kwa fulani, au ikiwa na neno fulani, ibandike lebo hii na isikae inboksi. Inafanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta za Google kule mtandaoni, simu ikiwa imezimwa au bando limekata haijalishi, ukiamka zimeshapangwa. Na wakati wa kuitengeneza kuna kisanduku cha kuipitisha na kwenye imeili za zamani, kitiki hicho, ndo kinachofagia zile elfu nne kwa dakika. Tatizo ni moja, apu ya simu hairuhusu kutengeneza filta, lazima brauza, ikibidi kwenye simu uiambie Chrome ifungue kama kompyuta, herufi zitakuwa kama punje za ulezi lakini inafanyika. Kuna na kaujanja, kwenye anwani yako kabla ya ile alama ya @ ongeza alama ya kujumlisha na neno, mfano +zabuni, imeili itakufikia vilevile na filta inaikamata kwa hilo neno. Wengine wanaitumia kujiandikisha kwenye matangazo ya ajira na zabuni ili zisiwajazie.

Outlook wanaita kanuni. Zilizotengenezwa kwenye Outlook ya mtandaoni zinakimbia kwenye seva kama Gmail. Outlook ya zamani angalia, ukiiambia kanuni ihamishie imeili kwenye faili la PST (ghala la imeili la Outlook) lililopo kwenye kompyuta yako, basi itafanya kazi programu ikiwa imefunguliwa tu. Halafu wana ufagio, chagua mtumaji mmoja msumbufu umwambie abakize imeili ya mwisho tu na zingine ziende, sijaona kizuri kama hicho kwa zile notisi za kila siku.

Thunderbird filta zake ni kali, unazipa masharti mengi, ila zinakaa kwenye kompyuta yako. Kompyuta ikizimwa Ijumaa jioni, Jumamosi kwenye simu utaona rundo halijapangwa mpaka Jumatatu mtu awashe mashine. Ninachofanya mimi, filta naziweka kule Gmail kwenyewe halafu Thunderbird inabaki ya kusoma na kujibu.

Na kabla hujasema imeili haikufika, Gmail ina vile vichupo vya matangazo na masasisho, Outlook ina inboksi mbili, ya muhimu na ya mengineyo. Barua ya mnunuzi inaingia huko na mtu anakaa wiki anasubiri. Vyote vinazimika kwenye seting, mi nazima kabla hata sijaulizwa.

Kontakti

Hapa ndo watu wanaumia, maana imeili hata ikichanganyika unaisachi, kontakti ikipotea imepotea na mtu wake.

Gmail kontakti zako zipo kwenye akaunti ya Google, na Android inazivuta yenyewe. Lakini sio zote! Nenda kwenye simu yako sasa hivi uangalie ukisevu namba mpya inakwenda wapi, kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti. Kijana mmoja wa mbao kutoka Mafinga alikwapuliwa simu pale Kabwe, akaja kwetu anatabasamu eti mi nina Gmail, tukafungua tukakuta kontakti kumi na nne, zingine mia tatu zilikuwa zinasevika kwenye simu. Sikuwa na la kumfanyia. Zikiwa kwenye akaunti hata ukiharibu mwenyewe unaweza kurudisha orodha ilivyokuwa siku za nyuma, mwisho 30. Makundi nayo ni lebo, unawapa wakulima wote lebo "AMCOS" (chama chao cha ushirika), kwenye kuandika unachapa hilo jina na wote wanaingia. Waweke kwenye Bcc jamani, sio kila mkulima anataka anwani yake ionekane na wengine mia mbili, na jua Gmail ya kawaida inakukatia ukifika watu 500 kwa siku. Zinazojirudia inazitafuta yenyewe na kukuuliza iziunganishe.

Outlook kadi ya mtu ina nafasi nyingi, kampuni, cheo, anwani ya ofisi, maelezo, na ukiwa na Outlook ya zamani unaweza kuzigawa kontakti kwenye folda zake kama imeili, wanunuzi huku, wasafirishaji huku. Kategoria za rangi ni zilezile za kwenye imeili, kwahiyo rangi ya malipo ni moja kote, kwa mtu wa ofisi hilo ni tamu. Makundi yapo. Upande wa simu unahitaji apu ya Outlook na uiruhusu kupeleka kontakti kwenye simu, ukisahau hiyo hatua utakuwa na majina kwenye laptopu na simu tupu.

Thunderbird ina vitabu vya anwani, unatengeneza unavyotaka, na ndani ya kitabu unaunda orodha. Inakuja na kitabu cha kuokota, kila uliyemtumia imeili inamuokota na kumweka humo, baada ya mwaka ni jalala, kifungue mara mojamoja. Kubwa la kujua ni kwamba kitabu cha kawaida kipo kwenye kompyuta hiyo tu. Siku hizi inakubali CardDAV, yaani unaiunganisha na kontakti zako za Google na ukibadilisha huku inabadilika kule, kama una akaunti ya Google fanya hivyo na usitengeneze kitabu kipya.

Sasa kisa cha CSV, na hiki nakisimulia kwa sababu kinarudi kila mwezi. Ukitoa kontakti kwenye programu yoyote hapa unapata faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) au vCard (faili la kadi za majina). CSV mtu anaona ni Excel, anaifungua asafishe majina kidogo, anasevu, anairudisha. Excel ikiona 0754 inaona sifuri ya mbele haina kazi inaitupa. Ikiona namba nzima ya 255 inaigeuza kuwa 2.55E+11, na ukisevu hapo kilichoandikwa kwenye faili ni hicho 2.55E+11, namba yenyewe haipo tena. Niliwahi kumrudishia mteja kontakti mia mbili zote zina namba moja inayofanana, mwanzoni nilidhani ni virusi. Kama ni kuhamisha tu bila kusafisha tumia vCard usiiguse. Kama lazima usafishe, fungua Excel tupu kwanza, ingiza CSV kwa njia ya kuleta data na safu ya namba uiambie ni maandishi. Na faili la kwanza libaki kwenye fleshi bila kuguswa.

Bando, umeme na mashine yenyewe

Gmail kwenye brauza inataka mtandao muda wote, na ule muonekano wake mwepesi wa zamani ambao watu wa mitandao ya kobe waliupenda ulitolewa mwanzoni mwa 2024. Ipo njia ya kusoma bila mtandao kwenye Chrome, inabeba mpaka siku 90 za nyuma, lakini uiwashe mapema, sio umeshafika Makete ndo unakumbuka. Nafasi ya bure ni GB 15 na inagawana na Drive na picha, mtu picha za send-off zinammaliza halafu analaumu imeili. Sachi larger:10M uone atachimenti nzito zilizokaa, ni kama kufagia uvungu.

Outlook ya bure nayo inakupa GB 15 za imeili, mafaili yana chumba cha GB 5, na atachimenti za imeili nazo zinahesabiwa humo. Ile mpya inaonyesha matangazo kwa akaunti za bure. Ya zamani inafanya kazi vizuri bila mtandao ila nzito, laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 utaisikia inavyohema.

Thunderbird ndo mwenye nguvu mtandao ukikata, kila kitu kipo kwenye diski, unasoma, unajibu, unapanga folda, ukifika mjini kwenye 4G inatuma. Umeme ukikatika laptopu ina chaji unaendelea. Gharama ni mara ya kwanza, inataka kushusha imeili zote, mtu ana GB 6 na bando la GB 2 anakuja analia. Kwenye seting za akaunti iambie ishushe za siku 30 za karibuni tu, au siku ya kwanza njoo na laptopu sehemu yenye waifai.

Kuhama na bakapu

Hapa sina mengi. Google inakupa kila kitu ukiomba, imeili zinatoka kwa faili la mbox ambalo Thunderbird inalielewa. Outlook ya zamani inatoa PST, kuanzia toleo la 2010 faili moja linaruhusiwa mpaka GB 50, lakini usilifikishe huko, na PST nje ya Outlook ni shida kulifungua. Thunderbird bakapu ni kunakili folda moja ya wasifu wake kwenye diski ya nje, kaibandike kwenye mashine nyingine na kila kitu kinarudi, folda, filta, vitabu vya anwani. Ila ukihamishia imeili kwenye folda zake za ndani zimetoka kwenye seva, diski ikifa zimekufa nazo. Na akaunti ya Google usiiache miaka 2 bila kuigusa, wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo.

Sasa wewe ni nani

Kama simu ndo ofisi yako, unauza viazi Njombe au mchele wa Kyela, laptopu unaazima, kaa na Gmail. Njoo steshenari siku moja utengenezewe lebo tano na filta zake kwenye kompyuta, baada ya hapo simu inatosha. Cha lazima ni kontakti zisevike kwenye akaunti, na ukitumia kompyuta ya watu utoke kwenye akaunti, sio kufunga dirisha tu.

Mwanafunzi wa MUST au chuo chochote Iringa, unatafuta ajira na field, Gmail pia, lebo moja ya maombi na moja ya majibu, na ile + ya kujiandikishia. Thunderbird utaifurahia kama unasoma mambo ya kompyuta na unatumia Linux, vinginevyo unajitafutia kazi.

Ofisi ya watu watatu wanne wanaopokezana mashine moja, wamezoea masijala, na bosi tayari analipia Office, Outlook ya zamani haitawasumbua. Kubalianeni rangi siku ya kwanza na muandike kwenye karatasi ukutani, maana nimeona ofisi nyekundu kwa huyu ni haraka na kwa yule ni imeshalipwa. Hamlipii Office? Basi msiinunue kwa sababu ya imeili peke yake.

Wakala mwenye anwani nyingi, au mtu wa shirika anayeshinda vijijini mtandao ukija na kuondoka, Thunderbird. Weka IMAP ili simu na laptopu zione kitu kimoja, kontakti uziunganishe na Google, na diski ya nje uikumbuke kila mwisho wa mwezi.

Na yule mwenye ofisi mjini na shamba Mbozi, anayetaka vyote, achanganye: anwani na filta ziwe Gmail, kontakti ziwe Google, laptopu isomee Thunderbird. Sio dhambi, ndo ninavyotumia mwenyewe. Ukija tukufungie uje na paswedi unayoikumbuka na ile laini uliyosajilia akaunti, maana nusu saa ya kwanza huwa tunaimalizia hapo.